Saini Iliyo Kwenye Gitaa Jekundu

Mwanangu Kabula,

Kabla hujaendelea na mstari wa pili, mtazame aliyekaa kando yako kwenye basi. Kama macho yake yapo kwenye karatasi hii, ikunje, uirudishe kwenye begi la gitaa ulikoikuta, uisome ukishuka. Yaliyomo humu ni yako peke yako. Usimsomee mama yako kwenye simu. Usimwambie bibi yako wa Bujora. Na yule rafiki yako unayemweleza kila kitu, hili usimweleze. Mimi ni karani wa masjala, na jambo hili likifika ofisini kwetu, faili lolote litakalopotea kuanzia siku hiyo watu watanitazama mimi.

Wenzangu waliondoka saa tisa na nusu. Nimefunga mlango, nikarudi kujaribu kitasa, nikarudi tena. Unanijua. Niko kwenye meza yangu, naandika kwa kalamu yangu mwenyewe, maana ile ya ofisi nimeirudisha kwenye droo.

Ya chakula, ya malaria, ya kuchagua marafiki, ya kutopokea soda kwa mtu usiyemjua, mama yako ameyasema tangu Jumapili na sina la kuongeza. Mimi nimebaki na lile swali uliloniuliza mara tatu mwezi huu, nami mara zote tatu nikajifanya natafuta miwani: gitaa la saini, lile lenye jina la mpigaji mashuhuri kichwani na bei yake juu, lina thamani ya fedha yake?

Najua kwa nini unauliza. Kiongozi wa bendi ya ile hoteli ya Dar amekuambia anataka mpiga solo mwenye gitaa linaloonekana. Mwenye duka la vyombo huko amekubali kulitazama hili jekundu ambalo kikundi chetu cha Kisesa kimekukabidhi Jumapili, na kama ni la saini kweli, atalichukua, wewe utaongeza juu yake, akupe jipya la saini. Cha kuongeza ni yule ng'ombe mtamba aliyekupa bibi yako. Mnunuzi anakuja Bujora kumchukua Jumatatu.

Mwanangu, gitaa jekundu usilipeleke dukani. Saini iliyo kichwani niliiandika mimi.

Sasa nieleze tangu mwanzo, maana ukisikia nusu utanidhania mwizi, na mwizi si mimi. Mimi ni mtu mwingine, pengine mbaya kuliko huyo.

Wewe ulikuwa darasa la kwanza. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeajiriwa juzi tu, na jioni za Ijumaa nilikuwa napanda kwenda Kisesa kupiga solo. Unakumbuka tulivyokuwa tukishindana baada ya mavuno. Ni desturi ya ngoma za huku, sisi tuliitia magitaa tu: vikundi viwili, uwanja mmoja, vinapiga kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji wala karatasi ya alama. Watu wanakwenda kwa miguu yao kule kunakowavuta, na jua likizama mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mimi niliyezoea karatasi, desturi hiyo ilinitisha. Unapiga huku unaona migongo ya watu inakuacha.

Tulikuwa tumeachwa miaka miwili mfululizo na kikundi cha ng'ambo ya barabara. Mpiga solo wao alikuwa na gitaa la saini. Jina lilikuwa la mzungu fulani ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia akipiga. Basi Mzee Masanja, mpiga besi na mkubwa wetu, akatuita nyumbani kwake.

"Mwaka juzi tumeachwa, mwaka jana tumeachwa," akasema. "Wenzetu wana dawa."

"Mzee, sisi watu wa kanisani," rafiki yangu Mutalemwa akamwambia. "Sisi hatuchanji chale za mganga."

"Nani kataja kuchanja? Dawa yao si ile pale kwenye gitaa, imeandikwa jina! Hata ng'ombe anaiona."

Watu wakacheka, lakini walikuwa wamekubali. Zamani mcheza ngoma aliyeachwa uwanjani hakwenda kufanya mazoezi zaidi, alikwenda kutafuta dawa yenye nguvu kuliko ya mwenzake. Sisi tulijiona tumeyaacha hayo. Tulikuwa tumebadilisha duka tu. Wakachanga, na ilipofika suala la nani atumwe mjini kununua, Mzee Masanja akaninyooshea kidole.

"Aende huyu karani. Asiyesoma atauziwa jina la uongo."

Maneno hayo nimeyabeba miaka kumi na moja.

Mutalemwa unamjua kama baba yako mdogo anayekuja na ndizi na kukutania. Hujawahi kumsikia akipiga, na hilo nalo ni kazi ya mikono yangu. Wakati ule yeye alikuwa anapiga ridhimu na mimi solo, kwa sababu moja tu, nilitangulia kuingia kwenye kikundi. Masikio yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Nililijua hilo, na yeye nadhani alilijua, ila kwa adabu yake ya Kihaya hakuwahi kulisema.

Nilikwenda Mirongo, hapa mjini Mwanza, kwenye duka la mama mmoja anayeuza vyombo vya muziki. Alikuwa na gitaa lenye saini ya mzungu yule yule, na kando yake lingine la kiwanda hicho hicho, jekundu, lisilo na jina la mtu. Lenye saini bei yake ilikuwa mara tatu ya jekundu. Nilimwomba fundi wake ayapige yote mawili nyuma ya kabati ili nisiyaone, wimbo ule ule, mara kumi, nami niandike kwenye daftari lipi ni lipi.

Yule mama akaweka mikono kiunoni. "We baba, unanunua gitaa au unakagua mishahara hewa?"

Nikasema naomba anivumilie. Fundi akapiga. Tulipolinganisha, nilikuwa nimepatia tano na kukosea tano. Mtu aliyefumba macho na kubahatisha angepata hivyo hivyo.

Hapo nataka uwe mwangalifu, maana sikwambii kwamba lenye saini lilikuwa hovyo. Lilikuwa zuri. Nilipolishika mkononi niliona tofauti ambayo masikio hayakuiona: vyuma vya shingoni vimelainishwa pembeni, haviwashi kiganja, funguo za kukazia nyuzi zinashika, hazilegei katikati ya wimbo, shingo bapa na pana, imechongwa kufuata vidole vya yule mwenye jina. Hiyo ilikuwa kazi ya kweli na inastahili fedha, ila si mara tatu. Zile mara mbili za juu zilikuwa za jina.

Halafu kulikuwa na jambo jingine nililolijua vizuri. Spika yetu ilikuwa inakohoa. Uliwahi kuikalia wewe. Ukipiga solo, watu waliosimama mbali walisikia mkwaruzo tu, na watu waliosimama mbali ndio wanaoamua kwenda upande gani. Nikachukua jekundu, na kwa fedha iliyobaki nikanunua amplifaya mpya na spika yake na nyuzi za mwaka mzima. Sikula hata shilingi ya maji. Risiti ninazo hadi leo, zote, kwenye bahasha.

Mpaka hapo, Kabula, nilikuwa nimefanya jambo la akili. Ingetosha nifike Kisesa niseme, "Wazee, nimefanya hivi kwa sababu hii." Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu dukani. Kisha simu ikalia.

"Ng'wanawane," Mzee Masanja akaniita mwanangu kwa Kisukuma kama anavyofanya akifurahi, "jina lipo?"

Nikasema, "Lipo, mzee."

Sijui kwa nini. Yaani najua. Niliogopa sauti yake ibadilike. Ni neno moja, na yote ninayokuandikia yalitoka kwenye neno hilo, hata uongo niliowaambia kwamba amplifaya na spika zilitokana na punguzo la yule mama.

Jumapili iliyofuata mama yako alipokwenda kanisani nilibaki nyumbani nikisema kichwa kinauma. Nilikuwa na picha ya gitaa la wapinzani wetu kwenye simu. Kazi yangu ya kila siku ni saini, mwanangu: natakiwa nijue ya mkuu huyu na ya mkuu yule, niione iliyotikisika, niikatae isiyofanana. Mtu anayejua kuikataa anajua na kuiandika. Nilijaribu nyuma ya bahasha zilizotumika mpaka mkono ukazoea, kisha nikaiandika kwenye kichwa cha gitaa kwa kalamu ya rangi ya fedha, na juu yake nikapaka ile rangi ya kucha ya mama yako isiyo na rangi, ing'ae. Ilikuwa nzuri. Na nikafurahi, nisikufiche. Kwa dakika kadhaa nilifurahi kama mtu aliyemaliza kazi ngumu.

Wewe ulirudi mbio kutoka kanisani, ukasimama kulitazama gitaa. Ukasema, "Baba, mkia huu kama wa kwenye daftari langu." Nilikuwa nimekuandikia jina kwenye madaftari yako wiki ile. Nikakukemea, nikakwambia mtoto haingilii vitu vya watu wazima, ukaenda kulia kwa mama yako. Hukukosea. Ulikuwa na miaka saba na uliona kitu ambacho watu wazima wote wa Kisesa hawajakiona mpaka leo. Naomba unisamehe kwa siku ile, kama bado unaikumbuka. Mimi naikumbuka.

Tulishinda. Wewe ulikuwepo, ulikaa juu ya boksi la spika mpya unakula muwa. Watu walianza kuvuka barabara kabla hata jua halijaegemea, na kufikia jioni wale wenzetu walikuwa wanapigia mbuzi na watoto wao wenyewe. Mzee Masanja alilinyanyua gitaa juu, jina likitazama watu. "Dawa hiyo!" akapiga kelele. "Iliyosoma!"

Ni nini kilichowavuta watu? Nimejiuliza sana. Spika ilisaidia, hilo sina shaka. Lakini nilikuwepo jukwaani, na nakwambia wenzangu walipiga siku ile kuliko siku yoyote. Mzee alikuwa hatazami vidole vyake. Mutalemwa alikuwa anatabasamu. Walidhani wamesimama nyuma ya kitu kikubwa, hofu ikawatoka. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba jina halifanyi kitu. Jina lilifanya kazi, hata la kughushi. Ndiyo maana nimechelewa kukujibu: jibu langu halikai vizuri kwenye mstari mmoja.

Ila nieleze lililofuata, kwa kuwa hilo ndilo linalonifanya nikae hapa wakati wenzangu wako nyumbani.

Baada ya ushindi, Mutalemwa aliniomba, kwa heshima, nimwachie jekundu apige nyimbo mbili tu kwenye harusi moja. Nikakataa. Nilichoogopa ni jambo dogo kabisa: alikuwa na tabia ya kulipangusa gitaa vizuri kabla ya kulishika, na kitambaa chake kingepita pale juu. Sikuweza kumwambia hivyo. Nikamwambia, "Gitaa hili limezoea mkono mmoja. Siyo la kila mtu." Niliona uso wake. Hakuomba tena.

Miezi michache baadaye tulikuwa tumekaa kwenye mawe ya ziwani, meli ya Bukoba inapakia. Akasema kama mtu anayezungumzia mvua, "Kaka, nimepata mteja wa kibanja."

"Kibanja gani?"

"Cha baba."

Wewe umezaliwa na kukulia huku, hiki labda hukijui kwa uzito wake. Kwao Bukoba kibanja ni migomba na kahawa, lakini pia ndiyo nyumbani penyewe. Babu zake wamezikwa pale, na baba yake amezikwa pale. Mtu anayeuza kibanja hauzi shamba tu.

"Unauza kwa nini?" nikamuuliza.

"Nataka gitaa la kweli. Nimechoka kupiga mbao za maboksi."

"Umefikiri vizuri?"

Akacheka. "Wewe ndiye wa kuniuliza hilo? Wewe uliyeshika lile jekundu?"

Kabula, palikuwa na nafasi. Honi ya meli ilikuwa haijalia, watu walikuwa bado wanapandisha magunia. Ningesema maneno sita tu: jina lile ni mimi niliyeliandika, usiuze. Angenipiga, pengine angenitangaza mji mzima, lakini kibanja kingebaki. Nilitazama meli mpaka ikaanza kugeuka. Kisha nikasema, "Basi Mungu akusaidie."

Akauza. Akanunua lile lile la dukani Mirongo, la saini ya kweli. Na shingo yake ilikuwa imechongwa kufuata vidole virefu vya mzungu yule. Mutalemwa ana mikono mifupi minene. Alipokuwa na gitaa lake la mbao za maboksi vidole vyake vilijua pa kupita, kwenye hili vilikuwa vinanyooka mpaka kifundo kinavimba. Alijilaumu mwenyewe. Alidhani gitaa ni zuri na yeye ndiye hatoshi, kwa sababu alikuwa ameniona mimi nikipiga lenye jina lile lile bila shida. Alipiga nalo msimu mmoja, akaliweka uvunguni. Sasa anatengeneza simu.

Kila Desemba watu wa Kagera wanaondoka Mwanza kwenda kwao Krismasi. Yeye anakwenda bandarini kuwasaidia mizigo, halafu anakuja kula kwetu. Mama yako humuuliza kila mwaka, "Shemeji, na safari hii huendi?" Naye hujibu kila mwaka, "Tiketi zimeisha." Wewe humpakulia wali. Mimi huwa na shughuli jikoni.

Basi swali lako. Kwa ninavyoona mimi, gitaa la saini linastahili bei yake kwa mtu mmoja: yule ambaye mkono wake unafanana na mkono wa mwenye jina, na ambaye amelishika, amelipiga, na angelinunua hata kama jina lingefutwa. Kama ndivyo ilivyo, nunua, wala usimwonee aibu mtu. Kama unanunua ili kiongozi wa bendi alione kwa mbali, utakuwa unalipia hofu yako, na hofu haiishi kwa kulipiwa. Naongea kama mtu aliyewahi kuilipia. Vidole vyako ni vyangu, vifupi. Usimwuze mtamba kabla hujakaa na gitaa hilo nusu siku na kiganja chako kimekuambia kitu. Mpigie bibi yako ukishuka tu, umwambie mnunuzi wa Jumatatu asubiri. Huna haja ya kumweleza sababu. Yeye haulizi sababu ya kutouza ng'ombe.

Jekundu ni gitaa zuri. Nilikwambia, mara tano kati ya kumi. Lipige. Kwenye mfuko wa pembeni wa begi nimekuwekea pamba na kichupa cha kutolea rangi ya kucha cha mama yako. Ataniuliza kilipo na nitasema sijui. Sugua taratibu pale kichwani, jina litatoka. Patabaki alama iliyofifia, usihangaike nayo. Au usilifute, uamue wewe. Lakini usilipeleke kwa mtu yeyote ukasema ni la saini, kwa sababu wewe sasa unajua, na mimi ninajua jinsi mtu anavyoishi akishajua.

Kuhusu kunipata. Ofisini usipige, simu inapokelewa na yeyote, na masjala nzima inasikiliza. Kesho, siku ya safari yako, nitakuwa na simu yangu wakati wote, nitumie ujumbe kwamba mmefika, hilo tu. Jumamosi nitaizima, nisipate mahali pa kukimbilia. Nimemwambia Mutalemwa nitakwenda kwake siku hiyo mchana, nina jambo. Akanijibu, "Njoo, kaka, nina sato wa kukaanga." Baada yake nitapanda Kisesa kwa Mzee Masanja, lakini kwanza ni yeye.

Kwa hiyo Jumamosi saa kumi jioni piga namba ya baba yako mdogo. Msalimie, kisha sema unaomba kuongea na baba. Kama akinipa simu, utasikia kwenye sauti zetu jinsi mambo yalivyo, na ile ahadi ya siri niliyokuomba pale juu itakuwa imekwisha. Kama akikuambia, "Baba hakufika, namsubiri tangu mchana," basi jua niliishia njiani. Usinitetee na usinisubiri. Msomee barua hii, taratibu, kuanzia mstari wa kwanza.

Baba yako.